Mafuta ya damu na macho ya mwenye kisukari: mwongozo kamili wa kusoma karatasi mbili kwa pamoja

Mamangu alikuwa amekaa na kisukari miaka 11 kabla ya mtu yeyote kumwambia kwamba karatasi ya mafuta ya damu, ile aliyokuwa akiikunja na kuitia mkobani, inahusiana na macho yake. Kliniki moja ilimpima sukari na presha kila mwezi, maabara nyingine ikampima lehemu, yaani kolesteroli, mara moja kwa mwaka, na miwani alijinunulia mwenyewe kwa kujaribu hii na ile hadi apate inayomsomesha. Siku alipopigwa picha ya jicho, daktari aliigeuza skrini na kumwambia, "Mama, hebu tazama hapa." Palikuwa na vidoadoa vya manjano vilivyojipanga nusu duara karibu na katikati ya retina, vyenye kingo kali, mfano wa mafuta yanavyoganda ukingoni mwa sufuria ya mchuzi uliolala. Akaelezwa kwamba ni mafuta yaliyovuja kutoka kwenye damu. "Ya chakula cha jana?" akauliza mamangu. "La, mama. Ya miaka."

Vipimo havikukosekana. Kila kimoja kilikuwa kwenye bahasha yake, na kila daktari aliiona bahasha ya kwake tu. Mwongozo huu unaeleza namna mgonjwa, au mtoto wake anayempeleka hospitali, anavyoweza kuzikutanisha karatasi hizo na kuuliza maswali yanayostahili kuulizwa. Uamuzi wa dawa unabaki kwa daktari, na sitalirudia hilo kila aya.

Hatua ya kwanza: Fahamu kinachovuja na sababu yake

Retina ni utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, unaopokea mwanga na kupeleka habari zake kwenye ubongo. Unalishwa na vishipa vyembamba mno vya damu. Sukari ikikaa juu kwa miaka, kuta za vishipa hivyo hudhoofika, hutokeza vivimbe vidogo kama vichwa vya pini, kisha huanza kuvujisha maji, damu, na chembe za mafuta zinazosafiri ndani ya damu. Presha ya juu huongeza msukumo katika bomba ambalo tayari ni bovu.

Aliyewahi kuishi nyumba ya mawe Mji wa Kale wa Mombasa atalielewa hili bila mchoro. Maji ya chumvi yakipenya ukutani, maji yenyewe hukauka lakini chumvi hubaki, ikatokeza ukoko mweupe unaobandua chokaa. Ndani ya jicho mambo ni hayo hayo: maji yaliyovuja hunyonywa haraka zaidi, mafuta hubaki yakiganda. Yakigandia pembeni, mgonjwa hahisi lolote. Yakigandia kwenye makula, yaani sehemu ya katikati ya retina tunayoitumia kusomea, kutungia uzi kwenye sindano na kutambua sura ya mtu, uoni wa katikati hufifia, na yakikaa muda mrefu hapo huacha kovu lisiloondoka.

Ugonjwa ukiendelea, baadhi ya vishipa huziba, retina hukosa hewa, na jicho hujaribu kujiokoa kwa kuotesha mishipa mipya. Mishipa hiyo ni dhaifu. Hupasuka na kumwaga damu ndani ya jicho, au hujenga nyuzi zinazoivuta retina hadi ikabanduka.

Mafuta ya damu yanaingia wapi? Bomba likitoboka, humwagika kile kilichomo. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uitwao ETDRS, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha kwamba wagonjwa ambao lehemu yao yote ilifika miligramu 240 kwa desilita au zaidi walikuwa na uwezekano wa takriban mara mbili wa kukutwa na madoa ya manjano kwenye retina, wakilinganishwa na wenye lehemu ya chini. Lakini tusipitilize. Tafiti kuhusu mafuta ya damu na ugonjwa wa retina kwa ujumla hazikubaliani zote. Uhusiano ulio wazi zaidi ni huo wa madoa ya manjano na uvimbe wa makula. Kinachotangulia kwa uzito ni muda mtu aliokaa na kisukari, kiwango cha sukari, na presha. Anayekuuzia unga wa majani akidai kwamba ukisafisha mafuta ya damu macho yatarudi kama ya kijana, anakuuzia maneno.

Hatua ya pili: Faili moja, si bahasha tano

Nunua faili la plastiki. Ndani yake weka majibu ya sukari ya miezi mitatu, yaani HbA1c. Orodha ya vipimo vya presha. Majibu ya mafuta ya damu. Majibu ya figo, yaani kreatinini na protini kwenye mkojo. Ripoti ya macho. Na karatasi moja yenye majina ya dawa zote unazomeza pamoja na kipimo chake, zikiwamo za kienyeji. Kila karatasi mpya ipige picha kwa simu siku hiyo hiyo, kwa sababu karatasi za maabara nyingi huchapwa kwa wino unaofifia, na joto letu la Pwani haliusaidii.

Figo zimetajwa kwa makusudi. Vishipa vya figo na vya retina huharibika kwa namna zinazofanana, na mwenye protini kwenye mkojo ana sababu ya ziada ya kuangaliwa macho upesi. Zaidi ya hayo, dawa moja nitakayoieleza baadaye haiwezi kuandikwa kabla figo hazijapimwa.

Hatua ya tatu: Pima mafuta ya damu kwa namna itakayokupa jibu la kweli

Omba kipimo kamili, kinachotaja mambo manne: lehemu yote, LDL inayoitwa lehemu mbaya, HDL inayoitwa lehemu nzuri, na trigliseridi, ambazo ni aina nyingine ya mafuta kwenye damu. Kipimo cha lehemu yote peke yake, kama kile cha kudunga kidole kwenye kambi za matibabu za mtaani, hakitoshi kwa mwenye kisukari, kwa sababu mafuta yake mara nyingi huharibika kwa sura ya pekee: trigliseridi juu, HDL chini, na lehemu yote ikionekana kama haina neno.

Je, ni lazima kufunga? Siku hizi kwa wengi si lazima, kwani LDL na HDL hazibadiliki sana kwa mlo mmoja. Trigliseridi ndizo hupanda baada ya kula. Kwa hiyo kama jibu lililopita lilikuwa na trigliseridi nyingi, au daktari anazifuatilia hizo hasa, kaa saa 8 hadi 12 bila kula, ukinywa maji tu. Chai ya rangi isiyo na sukari wengi huiona si chakula, lakini siku hiyo iache.

Hapa kuna hatari ninayoitaja kwa sababu nimeiona kwenye benchi la maabara. Bwana mmoja wa makamo alikuja alfajiri akiwa amefunga kama alivyoagizwa, akajidunga insulini yake kama kawaida ambayo hakuagizwa kuiacha wala kuendelea nayo, kisha foleni ikawa ndefu. Saa tatu na nusu alikuwa akitoka jasho jembamba na kujibu maswali yasiyoulizwa. Akapewa sharubati, akarudi katika hali yake, na kipimo kikaahirishwa. Ukitumia insulini, au vidonge vinavyoweza kuishusha sukari kama glibenklamidi, muulize daktari kabla ya siku hiyo ni dozi ipi uiahirishe. Fika mapema, mwambie mpokezi kwamba una kisukari na umefunga, na uwe na kitu cha sukari mfukoni. Ukianza kutetemeka, kula. Kipimo kitafanywa siku nyingine.

Usipime ukiwa na homa kali au ndani ya wiki chache baada ya kulazwa, kwa kuwa ugonjwa huishusha lehemu kwa muda na utadanganyika. Mjamzito naye mafuta yake hupanda kwa ujauzito wenyewe. Anayefunga Ramadhani ni vyema akamilishe vipimo vyote, vya damu na vya macho, katika mwezi wa Shaabani, wakati ule ule anaposhauriana na daktari juu ya kuzipanga upya dawa za daku na futari.

Sasa usome karatasi. Kwanza tazama kizio, kwani hapo ndipo watu hutishika bure au kufurahi bure. Maabara nyingi za Kenya huandika mmol/L, lakini nyingine huandika mg/dL. Kubadili lehemu kutoka mg/dL, gawanya kwa 38.7, kubadili trigliseridi, gawanya kwa 88.6. Lehemu ya 232 mg/dL ni 6.0 mmol/L, trigliseridi za 310 mg/dL ni 3.5 mmol/L. Mamangu mwaka mmoja alilia kwa sababu namba yake ilikuwa imepanda kutoka 5 hadi 190, kumbe ilikuwa imeshuka kidogo na maabara ndiyo iliyobadilika.

Kwa mwenye kisukari, madaktari wengi hutaka LDL iwe chini ya 2.6 mmol/L, na chini ya 1.8 kwa mwenye hatari kubwa ya moyo. Trigliseridi ziwe chini ya 1.7. HDL izidi 1.0 kwa mwanamume na 1.3 kwa mwanamke. Safu ya "kiwango cha kawaida" iliyochapwa pembeni ya jibu imewekwa kwa watu wote, haikuwekwa kwa mwenye kisukari. LDL ya 3.2 inaweza kukosa alama yoyote ya tahadhari na bado ikawa ya juu kwako.

Jambo moja la kiufundi lenye faida. Maabara nyingi hazipimi LDL moja kwa moja, bali huikokotoa kutoka zile tatu nyingine, na hesabu hiyo haitegemeki trigliseridi zikizidi 4.5 mmol/L. Hapo fanya hesabu rahisi zaidi: toa HDL kwenye lehemu yote. Kinachobaki ni aina zote za lehemu yenye madhara kwa pamoja, na daktari anaweza kukitumia hicho. Trigliseridi zikivuka 10, suala si la jicho tena pekee, kwani kongosho linaweza kuvimba, na huo ni ugonjwa wa kulazwa. Damu yenye trigliseridi nyingi kupita kiasi hugeuka nyeupe kama tui, na daktari akichungulia ndani ya jicho huikuta mishipa ya retina imepauka badala ya kuwa myekundu.

Kabla ya kulaumu chakula, uliza sababu nyingine. Sukari isiyodhibitiwa yenyewe hupandisha trigliseridi, na mara nyingi sukari ikishughulikiwa kwanza, trigliseridi hushuka zenyewe. Tezi ya shingo iliyozembea, maradhi ya figo, pombe na baadhi ya dawa nazo hupandisha mafuta.

Hatua ya nne: Siku ya kupimwa macho

Kusoma herufi za ukutani si kupimwa retina. Mtu anaweza kuzisoma hadi mstari wa mwisho na huku nyuma ya jicho kukiwa na madoa. Kinachohitajika ni kuchunguliwa retina baada ya mboni kutanuliwa kwa dawa ya matone, au kupigwa picha ya retina kwa kamera maalumu. Mwenye kisukari aina ya 2 apimwe mara tu anapogunduliwa, kwa sababu ugonjwa huenda ulikuwamo kwa miaka bila kujulikana. Mwenye aina ya 1 apimwe ndani ya miaka 5 tangu kugunduliwa. Baada ya hapo ni kila mwaka, au mapema zaidi daktari akisema. Mwenye kisukari anayepata mimba apimwe katika miezi mitatu ya kwanza, kwani ujauzito unaweza kuuharakisha ugonjwa huu.

Hapa kwetu wengi huanzia idara ya macho ya hospitali ya Coast General. Kuna pia kituo cha Lighthouse for Christ hapa Mombasa, na Kwale Eye Centre kwa walio kusini ya kivuko. Kabla ya kwenda, piga simu uulize siku za kliniki ya retina, maana si kila siku ya kliniki ya macho yupo wa retina, na uulize SHA, bima yako ya afya ya serikali, inagharamia nini na nini utalipa mwenyewe.

Usiende peke yako na usiendeshe gari. Matone ya kutanua mboni huanza kufanya kazi katika dakika 20 au 30, na kwa saa kadhaa baadaye hutaweza kusoma ujumbe wa simu wala kustahimili mwanga. Tulipovuka feri kurudi Likoni saa nane mchana, jua lilikuwa limetandaa juu ya maji kama bati jipya, na mamangu, aliyekataa miwani ya jua kwa kuiona ya vijana, alijifunika leso uso mzima hadi tukagusa ng'ambo. Chukua kofia pana au miwani ya jua, na panga safari ya asubuhi mapema au jioni.

Mpe daktari wa macho faili lako kabla hajaanza, umfungulie kwenye HbA1c, presha na mafuta. Mwisho wa uchunguzi uliza mambo matatu: Je, kuna dalili za kisukari kwenye retina, na ni hatua gani katika kila jicho? Je, kuna madoa ya mafuta, na yako umbali gani na makula? Je, makula imevimba? Kama kuna wasiwasi wa uvimbe, kuna kipimo kiitwacho OCT kinachochora matabaka ya retina bila kugusa jicho. Omba ripoti iliyoandikwa. Ukikuta herufi NPDR, ujue ugonjwa bado uko katika hatua ya kuvuja na kuziba. PDR ni kwamba mishipa mipya imeshaota. DME ni uvimbe wa makula, unaoweza kutokea katika hatua yoyote kati ya hizo.

Neno kuhusu miwani, kwa sababu limewagharimu wengi. Sukari inapopanda na kushuka, lenzi ya jicho hubadilika umbo, na nguvu ya miwani hubadilika nayo. Usipimwe miwani wakati sukari imevurugika au ndiyo kwanza umeanza dawa. Subiri wiki kadhaa sukari itulie.

Hatua ya tano: Ziweke karatasi mbili kando kwa kando

Ukiwa na madoa ya manjano kwenye retina na LDL au trigliseridi za juu, hiyo ni sababu ya daktari wa kisukari kuziangalia upya dawa zako za mafuta ndani ya wiki, asisubiri kipimo cha mwaka ujao. Wewe ndiwe utakayempelekea habari. Barua kutoka kliniki moja hadi nyingine hupotea njiani.

Ukiwa na mafuta ya juu na retina safi, dawa ya mafuta bado inaweza kuhitajika kwa ajili ya moyo, na mwenye kisukari aliyevuka miaka 40 kwa kawaida hushauriwa kuimeza hata kama macho hayana kasoro. Ukiwa na mafuta mazuri na retina mbovu, usijipongeze wala usishangae: tazama HbA1c na presha. Utafiti wa DCCT, uliochapishwa mwaka 1993 kwa wagonjwa wa aina ya 1, ulionyesha kwamba kudhibiti sukari kwa makini kulipunguza uwezekano wa ugonjwa wa retina kuanza kwa asilimia 76. Hakuna dawa ya mafuta iliyokaribia hapo.

Tahadhari moja ambayo wengi hawaambiwi. Sukari iliyokaa juu sana kwa muda mrefu ikishushwa ghafla, kwa insulini au kwa sindano mpya za kupunguza uzito, ugonjwa wa retina unaweza kuzidi kwa muda kabla ya kupata nafuu. Hii si sababu ya kukataa dawa. Ni sababu ya kupimwa macho kabla ya kuanza, na tena baada ya miezi michache.

Hatua ya sita: Dawa, na kile kila moja inachofanya

Statini, kama atovastatini na simvastatini, hushusha LDL na kuukinga moyo dhidi ya shambulio na ubongo dhidi ya kiharusi. Hiyo ndiyo kazi yake kuu. Zinaweza kuipandisha sukari kidogo, lakini kwa mwenye kisukari faida ya moyo huzidi hasara hiyo, hivyo usiziache kwa sababu umesikia barazani. Simvastatini humezwa usiku. Atovastatini wakati wowote. Balungi huongeza kiasi cha dawa hizi mbili kwenye damu, kwa hiyo liepuke au usile kwa wingi. Maumivu makali ya misuli yasiyo na sababu, hasa mkojo ukigeuka rangi ya kahawa, ni ya kumwona daktari siku hiyo. Mwenye mimba au anayeitarajia amwambie daktari kabla ya kuendelea nazo.

Fenofibrati ndiyo iliyoleta mjadala wa macho. Ni dawa ya kushusha trigliseridi. Katika utafiti wa FIELD, uliowahusisha watu 9,795 wenye kisukari aina ya 2 katika Australia, New Zealand na Finland, waliohitaji matibabu ya leza ya retina walikuwa asilimia 3.4 kati ya waliomeza fenofibrati na asilimia 4.9 kati ya waliomeza kidonge tupu kisicho na dawa. Mwaka 2010 utafiti wa ACCORD ukaonyesha kwamba, kwa watu waliokuwa tayari wanatumia simvastatini, ugonjwa wa retina uliendelea kwa asilimia 6.5 ya walioongezewa fenofibrati dhidi ya 10.2 ya wasioongezewa. Kisha utafiti wa LENS wa Scotland, uliochapishwa mwaka 2024 ukiwa na watu 1,151 wenye dalili za awali za ugonjwa wa retina, ukakuta asilimia 22.7 ya waliomeza fenofibrati, dhidi ya 29.2 ya waliomeza kidonge tupu, wakifikia kiwango cha kupelekwa kwa mtaalamu au kutibiwa. Australia ilikwisha kuiruhusu dawa hii kwa kazi hiyo tangu mwaka 2013.

Jambo la ajabu ni kwamba katika FIELD faida ya macho haikufuata kushuka kwa mafuta kwenye damu. Yaelekea dawa hii inafanya kitu kingine ndani ya retina yenyewe. Kwa hiyo kumuuliza daktari, "Je, fenofibrati inanifaa kwa macho yangu?" ni swali halali hata kama trigliseridi zako si za kutisha, ilimradi una dalili za awali na una kisukari aina ya 2. Jibu lake linaweza kuwa hapana, na sababu ziko wazi: figo zilizochoka sana, maradhi ya ini, au mawe kwenye kifuko cha nyongo. Hupandisha kreatinini, ndiyo maana figo hupimwa kabla na baada ya kuanza. Usiichanganye na dawa nyingine ya kundi lake, na usiinunue kwa duka la dawa kwa kumwonyesha muuzaji picha kwenye simu.

Baada ya kuanza au kubadili dawa ya mafuta, pima tena kati ya wiki 4 na 12. Na elewa kwamba uvimbe wa makula au mishipa mipya haingojei vidonge. Hutibiwa kwa leza, au kwa sindano ndani ya jicho. Nimewaona watu wazima wakikimbia wakisikia neno sindano. Jicho hutiwa dawa ya ganzi kwanza, na wengi husema walichohisi ni msukumo tu. Leza hulinda uoni uliopo, mara chache huurudisha uliopotea. Madoa ya manjano huchukua miezi mingi kufifia hata baada ya uvujaji kukoma.

Hatua ya saba: Jikoni mwa Kimombasa

Ushauri wa chakula ulioandikwa kwa watu wa ng'ambo, wa siagi na jibini, hautufai sana. Huku mafuta yanapita kwenye nazi, kwenye karai na kwenye kikombe.

Tuanze na nazi, najua nagusa kidonda. Mafuta ya nazi hupandisha LDL yakilinganishwa na mafuta ya mimea ya majimaji kama ya alizeti. Hatusemi uache wali wa nazi hadi kufa. Mamangu hukuna nazi moja pale alipokuwa akikuna mbili, hupikia kwa tui la pili, na tui zito hulitia vijiko viwili mwishoni kwa ajili ya harufu. Samaki wa kupaka humpaka mara moja badala ya mara tatu. Nguvu ya pilipili, ndimu na kitunguu thomu haipungui, na wageni hawajalalamika.

Mahamri ya asubuhi ni unga mweupe, sukari, tui, kisha mafuta ya kukaangia: yanapandisha sukari, LDL na trigliseridi kwa mpigo mmoja. Mbaazi zenyewe ni chakula kizuri chenye nyuzi. Basi zidisha mbaazi, punguza mahamri hadi moja, au badili kwa kipande cha muhogo wa kuchemsha. Viazi karai, bajia na kaimati vina hukumu hiyo hiyo, na mafuta yaliyokwisha kaanga tangu asubuhi ni mabaya zaidi. Mafuta ya mgando na samli visiwe vya kila siku.

Trigliseridi zina mlango wake: sukari na vileo. Soda, maji ya miwa, sharubati ya ukwaju iliyotiwa sukari robo kikombe, chai ya maziwa iliyotiwa vijiko vitatu, na halua ya kahawa ya jioni ndivyo vinavyozipandisha kwa wengi wasiokula nyama ya mafuta kabisa. Mnazi ni pombe na ni sukari. Anayetafuna muguka mara nyingi huutafuna na soda na peremende. Hesabu hizo, si majani pekee.

Samaki tunao. Vibua, dagaa na jodari wana mafuta mazuri yanayosaidia kushusha trigliseridi, na Marikiti au Kongowea utawapata kwa bei nafuu kuliko nguru wa karamu. Wachome au uwachemshe kwa ndimu. Vidonge vya mafuta ya samaki si badala yake.

Kutembea nusu saa kwa siku nyingi za wiki, kando ya bahari Mama Ngina au mtaani baada ya alasiri, husaidia sukari na trigliseridi. Isipokuwa ripoti yako ina PDR isiyotibiwa: hapo usinyanyue vitu vizito wala kuinamisha kichwa chini kwa nguvu, kama kubeba ndoo mbili za maji ngazi tatu, hadi daktari wa macho akuruhusu.

Hatua ya nane: Uangalizi wa nyumbani

Chagua siku moja ya wiki, tuseme Ijumaa asubuhi. Vaa miwani yako ya kusomea, funika jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, usome tarehe kwenye kalenda ya ukutani ukiwa umbali ule ule kila mara. Kisha badili jicho. Macho mawili yakiwa wazi, zima hulificha bovu, na hivyo ndivyo mtu hupoteza jicho moja kwa miezi bila kujua. Tazama pia fremu ya dirisha au mlango: mstari ulionyooka ukionekana umepinda, makula ina tatizo, na unahitaji miadi ya karibu, ndani ya siku chache.

Kuna dalili zisizongoja miadi. Madoa meusi mengi au nyuzi zinazoelea ghafla kama utando wa buibui, mimweko ya mwanga, pazia jeusi linaloshuka upande mmoja wa jicho, au jicho kupoteza uoni wote kwa mara moja, hata kama haliumi. Nenda idara ya dharura siku hiyo hiyo, na ikiwa ni usiku usingoje kupambazuke. Usijiendeshe, usitie matone yoyote uliyoyakuta kabatini, na beba lile faili.